Tabianchi si mradi wa Wazungu, wala si jina la kila hasara

Anayeshauri biashara kuanzia Masasi hadi Kilwa huyajua maneno haya kwa moyo. Mteja mmoja anasema mabadiliko ya tabianchi ni uongo mtupu. Wa pili anaandika kwenye barua ya kuomba kuongezewa muda wa mkopo kwamba korosho zake zimeuawa na tabianchi. Wa tatu anauliza kiwanda cha gesi kitalipa lini fidia ya joto. Wote wana pesa zao ndani ya hesabu hizo, na wote wameanzia pabaya.

"Tabianchi ni mradi wa Wazungu, hawataki tuchimbe gesi yetu. Hali ya hewa hujibadilikia yenyewe."

Hii ndiyo inayochosha kuliko zote, maana ndani yake kuna neno la kweli na la uongo yaliyofungwa furushi moja. La kweli ni hili: nani apunguze moshi, nani alipe, na kama mtambo wa kugeuza gesi kuwa kimiminika (LNG) ujengwe Likong'o, Lindi, au usijengwe, hayo ni mambo ya siasa na biashara. Nchi zilizochoma makaa ya mawe tangu enzi za babu zao hazina uso wa kutuhubiria. Mchango wa Tanzania katika gesi joto za dunia nzima, yaani gesi zinazonasa joto angani, haufiki hata asilimia 1. Anayetaka kubishana hapo abishane, hoja anayo.

La uongo ni kudhani kwamba kwa kuwa siasa ina hila, basi na fizikia ni hila. John Tyndall alipima maabara, London, mwaka 1859, jinsi hewa ukaa inavyonasa joto. Mwaka 1896 Svante Arrhenius wa Sweden akapiga hesabu kwamba hewa hiyo ikiongezeka maradufu dunia itapanda joto. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974, ya Mnazi Bay 1982. Njama ya kutunyima gesi iliyoanza kupangwa zaidi ya miaka 100 kabla ya gesi yenyewe kujulikana, hiyo si njama, ni unabii.

Tuje kwenye "hujibadilikia yenyewe". Ni kweli, huko nyuma dunia imeganda na kuyeyuka bila gari wala kiwanda. Lakini swali la mhasibu si kama salio limewahi kupanda zamani. Swali ni nani kaweka safari hii. Binadamu kwa kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi anamwaga angani zaidi ya tani bilioni 35 za hewa ukaa kila mwaka. Inayobaki hewani ni kama nusu tu, iliyobaki inamezwa na bahari na mimea. Mwenye duka akiweka sandukuni milioni 10 kila mwezi, kisha akakuta salio limeongezeka milioni 5, hawezi kudai kuna jirani anamwekea kwa siri. Kuna mtu anamtolea. Kwenye hesabu hii asili ndiyo inayotoa, sisi ndio tunaoweka. Ukielewa mstari huu mmoja, nusu ya ubishi wa kijiweni umekwisha.

Salio lenyewe linajulikana. Kabla ya viwanda, katika kila chembe milioni za hewa, 280 hivi zilikuwa za hewa ukaa. Vipimo vya mfululizo vilipoanza Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, zilikuwa 315. Sasa zimepita 420. Dunia ilipotoka kwenye zama za barafu, ongezeko la chembe 100 lilichukua maelfu ya miaka. Hili letu limetokea ndani ya muda wa reli na magari.

Kuna pia alama ya mwenye mali. Kaboni ya kitu kilicho hai ina chembechembe ziitwazo kaboni-14, nazo hupungua nusu kila baada ya miaka kama 5,700. Mkaa wa mti uliokatwa Nachingwea mwaka jana unazo. Gesi ya Mnazi Bay, iliyolala ardhini mamilioni ya miaka, haina hata moja. Kufikia miaka ya 1950 wanasayansi walikwishaona hewa ya dunia ikichujuka kwa kaboni isiyo na alama hiyo, sawa na maziwa yaliyotiwa maji. Jua lenyewe? Setilaiti zinalipima tangu 1978, na halijaongeza nguvu za kueleza joto hili. Tena, kama jua ndilo lingekuwa mkosaji, tabaka za juu za anga nazo zingepata joto. Zenyewe zinapoa, huku za chini zikipata joto, kama inavyotarajiwa joto likinaswa huku chini. Volkano? Hewa ukaa ya volkano zote duniani kwa mwaka haifiki asilimia 1 ya ile tunayotoa sisi.

Mbishi akiishiwa huja na hili: "Hewa ukaa ni asilimia 0.04 tu, itafanya nini?" Anasema hivyo mtu ambaye Julai anapuliza robo kilo ya salfa kwenye mkorosho wenye uzito wa tani kadhaa, na anategemea imwokolee mavuno. Naitrojeni na oksijeni, ambazo pamoja ni asilimia 99 ya hewa kavu, haziwezi kunasa joto linalorudi kutoka ardhini. Kwa hiyo kazi inabaki kwa hizo chache zinazoweza.

"Kiwanda cha gesi cha Madimba ndicho kinachotuunguza Mtwara."

Hapana. Hewa ukaa ikitoka huchanganyika na anga la dunia nzima, haikai juu ya paa la aliyeitoa. Moto wa bomba la kiwanda hupasha hewa iliyo jirani nao, basi. Lakini na wale wanaosema gesi asilia "haina ukaa" wapunguze. Kilo 1 ya methani ikiungua hutoa kilo 2.75 za hewa ukaa, kwa sababu kaboni yake huungana na oksijeni ya hewani, na oksijeni ina uzito. Ndiyo maana lita 100 za dizeli kwenye Fuso, zenye uzito wa kilo 84 hivi, hutoa kama kilo 270. Gesi katika kufua umeme hutoa takriban nusu ya makaa ya mawe, na sifa hiyo inaishia pale bomba linapovuja: methani isiyoungua, kwa miaka 20, hunasa joto takriban mara 80 kuliko hewa ukaa ya uzito uleule.

"Tabaka la ozoni limetoboka, joto linapenya."

Mambo mawili tofauti. Ozoni huzuia mionzi ya jua inayounguza ngozi. Iliharibiwa na gesi za majokofu na makopo ya kupuliza, na Mkataba wa Montreal wa 1987 umezibana. Tundu lenyewe liko juu ya Antaktika, si juu ya Newala.

"Salfa ya mikorosho inafukuza mvua."

Vumbi la salfa huanguka chini. Likizidi miaka na miaka linaongeza tindikali kwenye udongo, na hilo ndilo la kuhofia. Mvua haina habari nalo.

"Vimbunga havikuwahi kufika huku, Hidaya ndiyo ushahidi."

Lindi ilipigwa na kimbunga Aprili 1952. Kenneth kilipita jirani, Cabo Delgado, Msumbiji, Aprili 2019, na Hidaya kikaja Mei 2024 na kukata barabara huko Somanga. Kimbunga kimoja si ushahidi wa lolote. Kilichobadilika ni mzigo: kila nyuzijoto 1 inayoongezeka, hewa hubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi, kwa hiyo kinachokuja huja na maji mengi. Mwenye ghala la bondeni ajenge akijua hivyo.

"Korosho zimeharibika kwa tabianchi."

Huyu ni pacha wa yule wa kwanza. Mmoja anakana kila kitu, mwenzake anasingizia kila kitu. Kabla hujaandika neno tabianchi kwenye barua ya benki, fungua daftari la salfa. Kipimo kinachofundishwa ni gramu 250 kwa mti mkubwa, kila siku 14, mizunguko mitano. Mfuko wa kilo 25 ni miti 100 kwa mzunguko mmoja. Miti 100 inataka mifuko mitano kwa msimu. Mwenye miti 300 aliyepata mifuko sita, akaigawa "kila mmoja aonje", amepuliza chini ya nusu ya dozi, na ubwiriunga, ule ukungu unaoua maua ya mkorosho, umefanya kazi yake kama kawaida. Wengine huanza wakati maua yameshakuwa na unga wa kijivu. Salfa hukinga, haifufui ua lililokufa. Wengine hupuliza saa nne asubuhi, umande umekauka na kusi imeanza, salfa yote inakwenda shamba la jirani. Alfajiri, hewa ikiwa imetulia na majani yana umande, ndiyo saa yake.

Ghalani ni vilevile. Korosho zilizookotwa baada ya mvua zikatiwa kwenye viroba vya plastiki bila kuanikwa siku mbili tatu, zitaota ukungu, na daraja litashuka mnadani. Anika kwenye turubai, geuza, tia kwenye magunia ya juti, panga juu ya chaga. Gharama hizo ziko mikononi mwako. Nyuzijoto za dunia haziko.

"Mwaka huu mvua imechelewa, ndiyo tabianchi hiyo."

Huenda, huenda sivyo. Mtwara na Lindi zina msimu mmoja, Novemba hadi Aprili hivi, na kuanza kwake kumekuwa kukisogea tangu zamani. Tabianchi hupimwa kwa wastani wa miaka kama 30, si kwa kumbukumbu ya mjumbe. Anayetaka bima ya mazao au mkopo wa msimu aanze kuweka takwimu zake: kopo lenye ubavu ulionyooka juu hadi chini, liwekwe uwanjani, lipimwe kwa rula kila saa tatu asubuhi, liandikwe, limwagwe. Milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita ya mraba, yaani kama lita 4,000 kwa eka. Lisogezwe mbali na miti angalau mara mbili ya urefu wa miti hiyo. Wengi huliweka chini ya mkorosho lisiibwe, halafu wanalalamika kwamba mvua imepungua.