Kibao cha namba hakilindi bei ya pinboli

Mteja alinifungulia gereji yake nimkadirie mashine ya pinboli, ule mchezo wa kurusha tufe la chuma kwenye ubao uliofunikwa kioo, aliyoinunua mpya mwaka 2023. Kabla hata hajaiwasha, akanionyesha kibao kidogo cha chuma: namba ya mashine yake kati ya 1,000 zilizotengenezwa. Kwake hiyo ndiyo ilikuwa akiba. Ilinibidi nimweleze taratibu kwa nini nitataja bei iliyo chini ya ile aliyolipa dukani.

Kampuni ya Stern, iliyoko Elk Grove Village karibu na Chicago, huuza mchezo mmoja kwa ngazi tatu: Pro, Premium na LE, yaani toleo lenye idadi maalumu. Kati ya Premium na LE mitambo huwa ni ile ile na programu ni ile ile. LE inaongezewa michoro yake, rangi ya vyuma vya pembeni, kioo kisichorudisha mwanga, mota ya kutikisa mashine na hicho kibao. Sasa jiweke kwenye nafasi ya mnunuzi. Bei ya LE ya mkono wa pili ikipaa, anakwenda dukani, anachukua Premium mpya na kucheza mchezo ule ule. Na Premium haina kikomo cha idadi. Kiwanda kinaweza kuitengeneza tena wakati wowote.

Mashine ya Stern iitwayo Tron, ya mwaka 2011, haikuwa hivyo. LE zake zilikuwa 400 tu, na wakati huo Premium haikuwepo. Ukitaka zile njia za juu zinazowaka, Pro haikuwa nazo. Ilikuwa LE au ukose. Ndiyo maana wenye nazo waliziona zikivuka dola 10,000. Uchache wake ulikuwa wa mchezo wenyewe, si wa rangi ya miguu.

Baadaye idadi ikaongezeka pamoja na bei. Jurassic Park ya 2019 ilikuwa na LE 500. Godzilla ya 2021, kazi ya mbunifu Keith Elwin, ikatoka na 1,000 kwa dola 10,499, na Foo Fighters ya 2023 ikafika dola 12,999 kwa idadi hiyo hiyo ya 1,000. Wakati wa korona watu walikuwa wamefungiwa nyumbani na mashine hazipatikani, kwa hiyo LE ikiwa bado kwenye boksi ilipata faida siku ile ile. Wengi walidhani hali hiyo ndiyo kawaida. Viwanda vilipojaza soko, faida ile ikayeyuka. Godzilla imejitetea vizuri kuliko nyingi, na sababu ni kwamba watu hawachoki kuicheza.

Kuna na hatari ya kutengenezwa upya. Medieval Madness ya kampuni ya Williams, ya mwaka 1997, zilitoka kama 4,000, na zilizotunzwa zilikuwa zikiuzwa kwa zaidi ya dola 10,000. Mwaka 2013 kampuni ya Chicago Gaming ilipotangaza kwamba itaitengeneza upya, bei za zile za asili zikashuka hata kabla mashine mpya haijafika kwa mtu.

Kwa hiyo mimi kibao nakiangalia mwisho. Kwanza naondoa kioo, nawasha tochi na kuilaza karibu na ubao wa mchezo. Vishimo vidogo vinavyoachwa na tufe ni vya kawaida, havinisumbui. Natafuta vanishi iliyobanduka kwenye kingo za matundu na chini ya nguzo, maana hapo mbao ikishachanika hakuna fundi atakayeirudisha kama ilivyokuwa. Kisha nasoma hesabu ya michezo kwenye menyu, naangalia kama michoro ya ubavuni imefifia kwa jua, nauliza kama boksi la kiwandani lipo.

Ya mteja wangu ilikuwa imechezwa mara 212, ubao safi kabisa, boksi limehifadhiwa darini. Nilimwandikia dola 9,500. Alinyamaza kidogo, kisha akaiwasha, tukacheza wawili mpaka usiku.