Bima ya afya na mtungi wa maji: tunayodhani Nairobi, na yalivyo

Jirani yangu hapa Mukuru kwa Njenga amempeleka mtoto zahanati mara tatu mwaka huu, zote kwa kuharisha. Mara ya tatu muuguzi hakuanza na dawa. Alimuuliza, "Mama, maji mnachota wapi?" Jirani alirudi kwenye ploti amekasirika. "Nimeenda kutafuta dawa, naulizwa habari za maji! Kwani SHA imekuwa ya mifereji?"

SHA ni mamlaka inayosimamia bima ya afya ya umma. Swali la jirani limenikaa kichwani, maana limebeba karibu kila jambo tunalokosea tukizungumzia bima mtaani.

"Kazi ya bima ni kulipa bili ya hospitali"

Ndivyo tulivyozoea. NHIF, bima ya umma ya zamani iliyoanzishwa mwaka 1966, kwa miaka mingi ilijulikana kwa kumlipia aliyelazwa. SHA ilipochukua nafasi yake Oktoba 2024, ilikuja na hazina tatu, na moja kati ya hizo ni ya afya ya msingi: zahanati na vituo vya afya, kabla mtu hajafika kitandani. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Septemba 2023, wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 walizinduliwa pale Uhuru Park, kazi yao ikiwa kupita nyumba kwa nyumba na kipimo cha presha, cha sukari na simu ya kuandikia wanayoyaona.

Muuguzi aliyeuliza kuhusu maji alikuwa anatibu. Dawa ya kuharisha inamtuliza mtoto leo, kisha anarudi kunywa maji yaleyale.

"Watu wa mtaani wanaugua kwa sababu hawajui usafi"

Hii huniuma kuliko zote. Sijakutana na mama hapa asiyejua kwamba mikono huoshwa kwa sabuni. Tupige hesabu. Familia ya watu watano, kila mmoja akitumia lita 20 tu kwa siku, inahitaji mitungi mitano. Kwa shilingi 5 kila mtungi, hiyo ni shilingi 25 kwa siku, 750 kwa mwezi. Mchango wa chini kabisa wa SHA ni shilingi 300 kwa mwezi. Yaani maji peke yake, siku bei ikiwa nzuri, yanakula zaidi ya mara mbili ya bima. Uhaba ukija bei inapanda, na cha kwanza kupunguzwa ni maji ya kunawa. Aliye na mfereji wa kampuni ya maji ndani ya nyumba hulipa bei ya chini kuliko sisi kwa kila lita.

Tena mipira inayotuletea maji hupita kwenye mitaro ya majitaka. Maji yakikatwa, presha hushuka, na palipopasuka mpira unanyonya uchafu wa mtaro. Maji yakirudi, uchafu huo unaingia moja kwa moja kwenye mtungi. Hakuna somo la usafi linaloziba mpira uliopasuka.

"Sijalipa, kwa hivyo hata zahanati si yangu"

Si kweli. Huduma za msingi katika vituo vya ngazi ya 2 na ya 3, yaani zahanati na vituo vya afya, hulipwa na serikali kupitia Hazina ya Afya ya Msingi. Unachohitaji ni kujisajili. Mchango unahitajika kwa huduma za juu zaidi, kama kulazwa hospitali kubwa.

"Maswali ya nyumba na choo ni ya kutupeleleza"

Asiye na mshahara huulizwa kuhusu nyumba yake, maji, choo na watu anaoishi nao, ili ikadiriwe alipe kiasi gani. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara, basi. Naelewa kwa nini maswali hayo yanaudhi, na wengi wanalalamika kwamba makadirio yamewapandishia. Lakini tazama yanauliza nini. Ni mambo yaleyale yanayotuletea maradhi! Tukiyajibu, tunakuwa tumechora ramani ya ugonjwa ya jiji zima, nyumba kwa nyumba. Kwa maoni yangu, ramani hiyo ikitumika kupanga bei peke yake itakuwa imepotea. Ingefaa iwe mezani pale kaunti inapoamua bomba lipite wapi.

Na mchango wenyewe hulipwa wa mwaka mzima kwa mkupuo, shilingi 3,600 kwa anayelipa kile cha chini. Mtu wa kibarua hulipwa kwa siku. Mkopo wa Lipa SHA Pole Pole uliletwa kwa sababu hiyo.

"Bima ikigusa chakula au nyumba, hiyo ni sadaka"

Marekani, Kaiser Permanente, shirika la bima na hospitali, ilitangaza mwaka 2018 kwamba itawekeza hadi dola milioni 200 katika makazi. Tangu 2020, baadhi ya bima za wazee huko zimeruhusiwa kuwalipia wenye maradhi sugu hata vyakula. Hawakufanya hivyo kwa huruma tu: asiye na pa kulala hurudi wodini mara kwa mara, na bili inarudi kwa bima.

Hapa kwetu kampuni binafsi zina kikwazo. Mkataba ni wa mwaka mmoja, na faida ya maji safi huonekana baada ya miaka. Mwajiri akihama bima mwezi Desemba, faida inavunwa na mwingine. Ndiyo maana bima ya umma, ambayo haihamwi, ndiyo yenye sababu kubwa ya kufikiria mbali. Hata hivyo haiwezi kuchimba mtaro wala kupika. Chakula cha shuleni cha Dishi na Kaunti, ambapo mtoto hulipa shilingi 5 kwa sahani, ni kazi ya kaunti na washirika wake, na kinalinda afya bila kadi ya bima.

Jumamosi mhamasishaji wetu alipita. Tukafuata mpira wa maji kutoka kwa muuzaji hadi kwenye ploti. Umelala ndani ya mtaro na umepasuka mahali pawili. Jirani yangu alipiga picha, mhamasishaji akaandika kwenye simu yake, na mwenye mpira ameitwa.