Mvua ya setelaiti si mvua ya kipimamvua: namna ya kulinganisha

Masika yakianza, malalamiko hayaishi katika Bonde la Wami/Ruvu: simu inaonesha mvua ya setelaiti ya milimita 40, shambani hata vumbi halijatulia. Wapo wanaoambatisha takwimu hizo kwenye maombi ya kibali cha maji kana kwamba zimeshahakikiwa. Hazijahakikiwa.

Setelaiti hukadiria tu, kwa kusoma ubaridi wa kilele cha wingu au mawimbi ya maikrowevu. Mashariki mwa Milima ya Uluguru, mawingu mafupi hunyesha sana bila kilele cha baridi kali, hivyo makadirio huweza kupungua. Upande mkavu wa Dodoma, tone hukauka angani nalo likahesabiwa. Isitoshe, mdomo wa kipimamvua una kipenyo cha milimita 127, ilhali kisanduku kimoja cha ramani ya IMERG, makadirio ya mvua ya setelaiti ya NASA, ni kama kilomita 11 kwa 11.

Anza na saa. Kipimamvua husomwa saa 3 asubuhi. Siku ya setelaiti huanza saa 9 usiku kwa saa zetu. Mvua ya saa 4 usiku tarehe 9, setelaiti huiweka tarehe 9. Daftarini, ikiandikwa kwa tarehe ya kusomwa, ni ya tarehe 10. Kwa IMERG, jumlisha vipande vya nusu saa kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 3 asubuhi ya kesho yake. Kwa CHIRPS, makadirio mengine ya mvua ya setelaiti, tumia jumla ya siku kumi au ya mwezi.

Pili, CHIRPS na toleo la mwisho (Final) la IMERG tayari zimechanganywa na takwimu za vituo vya ardhini. Ukizipima kwa vituo hivyohivyo, umempa mwanafunzi asahihishe mtihani wake mwenyewe.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Tuseme kipimamvua kina siku 12 za milimita 1 au zaidi, setelaiti imezinasa 9: asilimia 75. Ikiwa yenyewe ilitangaza siku 15, basi 6 ni za uongo: asilimia 40. Jumla ya mwezi ikiwa milimita 180 kwa kipimamvua na 135 kwa setelaiti, setelaiti imepunguza asilimia 25.

Na hapa tuseme wazi, maana tumechoka kulirudia: sifuri si sawa na "haikusomwa". Siku kavu andika 0.0, usiposoma, weka mstari. Ukikuta maji ya siku tatu, andika jumla na ueleze ni ya siku tatu, usiigawe kwa kubuni. Faneli iliyozibwa na majani, au chombo kilichowekwa chini ya mwembe, huifanya setelaiti ionekane imezidisha.