Taka za Ujenzi Huanza Kwenye Orodha ya Manunuzi: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Mpango wa taka ni kazi ya mwisho, wakati wa kusafisha saiti.

Taka nyingi huwa zimekwisha kuamuliwa kabla lori la kwanza la mchanga halijafika. Chukua nondo. Jengo lina nguzo 20, kila nguzo ina nondo 4 za mita 3.5, yaani vipande 80. Lina linta 20 (boriti za zege juu ya milango na madirisha), kila moja nondo 4 za mita 2.5 za unene uleule: vipande vingine 80. Nondo ya mita 12 hutoa vipande vitatu vya nguzo na kubakiza mita 1.5, au vipande vinne vya linta na kubakiza mita 2. Fundi akikata kila kazi kivyake atamaliza nondo 27 za nguzo na 20 za linta, jumla 47. Akitoa vipande viwili vya 3.5 na viwili vya 2.5 kwenye nondo ileile, mita zote 12 zinaisha na nondo 40 zinatosha. Nondo saba zimeokolewa kwa karatasi na kalamu.

Kinachokwamisha ni kwamba nguzo hukatwa wiki kadhaa kabla ya linta, na kila siku fundi hukata cha siku hiyo. Kwa hiyo orodha ya ukataji iandikwe yote mara moja, na vipande vya linta vifungwe kwa waya, viwekwe alama na kuhifadhiwa stoo. Pima nondo zenyewe kwanza. Zikiwa pungufu ya mita 12, hesabu hii haikai.

Saruji nayo hufa stoo. Ipangwe juu ya mbao, isiguse sakafu wala ukuta, isizidi mifuko kumi kwenda juu, na iliyoingia kwanza itoke kwanza. Mfuko uliokwisha kugandia ndani ni taka ya kilo 50 uliyoilipia bei kamili.

Dhana: Mota (mchanganyiko wa saruji, mchanga na maji) ikianza kukaza, unaongeza maji.

Maji hayarudishi nguvu ya saruji iliyokwisha kuanza kuganda. Yanailainisha tu, na lipu hiyo itabanduka. Changanya kiasi kitakachoisha ndani ya saa moja, hasa jua likiwa kali. Tandika turubai au ubao safi chini ya ukuta unaopigwa lipu: mota inayodondoka hapo hurudi kazini papo hapo, lakini ikidondoka mchangani imepotea.

Dhana: Kifusi chochote kinafaa kujazia chini ya jamvi (zege la sakafu).

Zege lililovunjwa na matofali safi ya saruji yanafaa, yakipondwa yasizidi ukubwa wa ngumi, yakamwagwa kwa tabaka la sentimita 15, yakanyeshewa maji na kushindiliwa kabla ya tabaka linalofuata. Ubaya uko kwenye mchanganyiko. Kipande cha mbao kikizikwa humo kinaoza au kinaliwa na mchwa, kinaacha pango, na sakafu inatitia na kupasuka juu yake. Mabaki ya jipsamu ni mabaya zaidi: yakilowa huyeyuka polepole na kutoa salfeti inayoishambulia saruji. Udongo mweusi wa juu nao usiguse jamvi. Utengwe tangu siku ya kuchimba msingi, utafaa bustanini.

Ndiyo maana marundo hutengwa tangu mwanzo: zege na tofali, chuma, mbao, jipsamu, na plastiki pamoja na mifuko. Kuyachambua baada ya kuchanganyika huchukua siku za vibarua.

Dhana: Ukuta wa mita za ujazo 9 utatoa kifusi cha mita za ujazo 9.

Ukuta wa urefu wa mita 20, kimo mita 3 na unene sentimita 15 ni mita za ujazo 9 ukiwa umesimama. Ukivunjwa, vipande huacha nafasi kati yao na ujazo huongezeka kwa takriban nusu, kufikia 13.5. Tipa lenye bodi ya ujazo wa mita 6.4 litakwenda safari tatu, si mbili. Safari hiyo ya tatu isipowekwa kwenye bajeti ndiyo huishia mtaroni usiku.

Dhana: Vipande vya mbao za kenchi (fremu ya paa) ni kuni za bure.

Mbao nyingi zenye rangi ya kijani zimetiwa dawa ya shaba, kromiamu na aseniki. Aseniki ni sumu, na ikichomwa hutoka na moshi na kubaki kwenye majivu. Tafadhali, usimpe mama ntilie apikie. Mabomba ya PVC nayo yasichomwe.

Dhana: Maji ya kuoshea mashine ya zege ni maji machafu tu.

Ni alkali kali inayochoma ngozi na kuua majani, na uji wake hugandia mtaroni na kuuziba kabla ya masika. Chimba shimo, litandike nailoni nzito, osha hapo. Mashapo yakikauka, yavunje yaingie kwenye rundo la zege.

Dhana: Lori likishatoka getini, taka si zako tena.

Kisheria bado unaweza kuulizwa. Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na Kenya ina sheria ya taka ya mwaka 2022. Muulize msafirishaji kibali chake, andika namba ya gari, tarehe, ujazo na dampo liendako, kisha bakiza sehemu ya malipo mpaka alete risiti ya dampo.