Switi pii si minji jamani

Juzi jirani hapa Njoro alisimama kwa fensi akaniuliza, "Mama, hii minji yako utavuna lini?" Nilicheka, lakini nikamwambia ukweli, hii ni switi pii, maua ya urembo yanayopanda kwa fensi, maana hapo ndio kuna hatari. Maganda ya switi pii yanafanana na ya minji, lakini mbegu zake ni sumu. Usipike, usionje, na kama uko na watoto wa kuchuma kila kitu basi toa maganda mapema.

Halafu kuna hii ya ati kila switi pii inanukia. Wapi! Ile ya zamani ilitoka Sicily, mtawa Francesco Cupani akatuma mbegu Uingereza 1699, maua yake ni madogo, zambarau na maruni, lakini weka vijiti vitano kwa glasi na nyumba nzima itajua. Baadaye watu wakatafuta maua makubwa yenye mikunjo, ndio zile za Spencer za mwanzoni mwa miaka ya 1900, na nyingi zikapoteza harufu huko njiani. So ukinunua pakiti juu ya picha usilie. Tafuta aina za kunukia zinaitwa Cupani, Matucana ama Painted Lady. Kuna pia ile inayorudi kila mwaka, hiyo ni ya kuangalia tu, haina harufu hata uitumbukizie pua.

Eti haziwezi mea kwetu juu ya joto? Inategemea uko wapi. Dada yangu Kisumu alijaribu zikanyauka na maua mawili tu, lakini Kisumu iko mita 1,100 na kitu, sisi huku tumepita 2,000, usiku unavaa sweta. Mizizi ikikaa baridi, na majani makavu juu ya udongo, inapanda vizuri.

Mbolea nayo mimi mwenyewe nilidanganyika, nikamwaga ya kuku nikapata majani mpaka kwa mabati na maua hakuna, kumbe hii ni jamii ya maharagwe, inajitafutia naitrojeni, ile chakula ya majani, yenyewe.

Na wenye huogopa kukata maua ati mmea utachoka, ni kinyume kabisa: ikishafunga maganda inaona kazi imeisha, inaacha kuchanua. Mimi hukata kila baada ya siku mbili, mmea mmoja tu naacha ukomae wa mbegu, na hata kama uko katikati ya aina zingine mara nyingi hauchanganyiki nazo, juu ua hujichavusha kabla hata halijafunguka.