Vidole vinacheza, kwa hiyo hajavunjika?

Msimu wa maembe ukifika madogo wanapanda tu, huwazuii. Mmoja akidondoka utaona yaleyale tuliyofanya sisi, wawili wanamshika kwapani wanamsimamisha, mwingine kashaleta maji kwenye kikombe, halafu anatokea mtaalamu wa mtaa, "chezesha vidole, ee, huyu mzima".

Sio kweli. Pingili ya shingo inaweza kuwa imevunjika na vidole bado vinacheza vizuri tu, sababu zile neva laini zinazopita ndani yake hazijabanwa bado, sasa ukimnyanyua kwa pupa pingili inateleza inazibana, na hizo haziungi kama mfupa wa mguu.

Kwa hiyo wafundisheni hivi, mwenzako akisema shingo inauma au miguu ina ganzi mwache palepale, mmoja apige magoti amshikie kichwa kwa viganja viwili kisitikisike, mwingine akimbie kuita mkubwa. Maji asipewe. Akitaka kutapika mnamgeuza ubavu mwili mzima kwa pamoja, kichwa na mgongo mstari mmoja. Na ile ya kumpakata kwenye boda katikati ya watu wawili, jamani, hapana.