Je, Wajua Kwa Nini Mikoba Miwili ya Ngozi ya Aina Moja Haifanani Rangi?

Umeagiza mkoba wa ngozi wa kahawia baada ya kuupenda kwenye picha. Unapoupokea, kahawia yake imekolea kuliko ulivyotarajia, na hata mfuniko haulingani sawasawa na ubavu wa mkoba wenyewe. Wengi hapo hudhani wameuziwa bidhaa mbovu. Mara nyingi si hivyo, kwani tofauti hiyo ilianza mnyama akiwa bado hai.

Ngozi ni mtandao wa nyuzi za protini iitwayo kolajeni, na nyuzi hizo hazikusukwa kwa namna moja mwili mzima. Mgongoni zimeshonana barabara. Tumboni na kwapani zimelegea, maana huko ngozi hulazimika kutanuka mnyama anaposhiba na anapotembea. Vitumbukize vipande hivyo viwili kwenye rangi moja kwa muda uleule: cha tumboni hufyonza zaidi, na aghalabu hutoka kikiwa kimekolea. Kuna pia mikunjo ya shingo, alama za kupe na mikwaruzo ya miiba. Kovu, kwa mfano, lina nyuzi zilizojipanga upya, kwa hiyo hupokea rangi kivyake. Tena mkoba mmoja huweza kushonwa kwa vipande vya ngozi za ng'ombe wawili au watatu. Ndiyo maana fundi makini huvitandaza vipande vyake na kuvilinganisha kabla ya kushika sindano.

Usindikaji nao una mchango wake. Njia ya kale hutumia tanini ya magome ya miti. Huchukua wiki nyingi, hata miezi, na ngozi hutoka ikiwa na kahawia hafifu. Njia ya chumvi za kromi, inayotumika kwa sehemu kubwa ya ngozi duniani, huchukua siku moja hivi, na ngozi hutoka na usamawati uliopauka. Rangi ileile ikitiwa juu ya ngozi hizi mbili haiwezi kutoka sawa. Kisha ngozi huingizwa kwenye pipa kubwa linalozunguka, pamoja na maji na rangi. Joto la maji likibadilika kidogo, au asidi ikizidi, mkupuo wa leo hautafanana na wa wiki iliyopita.

Lakini mbona mikoba mingine inafanana kama sahani za kiwandani? Jibu liko kwenye aina ya rangi. Rangi za anilini hupenya ndani ya ngozi na kuacha uso wake wazi, vinyweleo na makovu yakionekana. Jina lao lina historia: mwaka 1856 William Henry Perkin, kijana wa miaka 18 mjini London, alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, kwa kutumia kemikali iitwayo anilini. Akaambulia rangi ya zambarau, na hapo ndipo biashara ya rangi za kemikali ilipoanza. Aina ya pili ya rangi hukaa juu ya ngozi kama rangi ya ukutani, ikafunika kila alama. Mkoba wa namna hiyo hustahimili madoa vizuri, na kwa mtu wa pilikapilika nyingi ni chaguo la busara. Mimi hata hivyo huupenda ule wa anilini, kwa sababu ngozi yenyewe bado inaonekana.

Usichanganye tofauti hizi na kasoro. Rangi inayochujukia kwenye nguo, au inayobanduka kama maganda, ni kazi mbovu, na una haki ya kuurudisha mkoba. Kabla ya kulalamikia rangi yenyewe, utazame kwanza mchana karibu na dirisha, kwa kuwa taa ya manjano huifanya kahawia ielekee wekundu, na skrini ya simu nayo ina rangi zake.

Hata baada ya kununua, rangi haitulii. Ngozi iliyosindikwa kwa tanini hukolea kwa jua na kwa mafuta ya mikono, ndiyo maana mshikio hutangulia kuwa mweusi. Ukiuacha mkoba mpya dirishani na mkanda wake umelala juu ya mfuniko, baada ya siku chache utakuta mstari uliopauka mahali mkanda ulipolala. Usiufute kwa dawa yoyote. Uondoe mkanda, upe mstari huo nao zamu ya mwanga, na taratibu utakaribia rangi ya sehemu nyingine.